Kabala Bila Uchawi: Wazee wa Safed na Ulimwengu Uliovunjika

Mwaka 1570, mfanyabiashara wa Kiyahudi aliyeitwa Isaac Luria aliihama Misri na familia yake akaenda kuishi Safed, mji wa milimani huko Galilaya. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akafiwa na baba angali mdogo, akalelewa Kairo na mjomba wake, mkusanya kodi tajiri. Katika lundo la nyaraka kuukuu zilizohifadhiwa kwenye sinagogi la Kairo zimeonekana karatasi zenye jina lake. Hazina hata neno moja la siri za mbinguni. Zinahusu biashara ya pilipili manga.

Alipofika Safed aliishi kama miaka miwili tu. Mwaka 1572 tauni ilimuua akiwa na umri wa miaka 38. Hakuacha kitabu kikubwa alichokiandika kwa mkono wake, ila nyimbo za meza ya Sabato na maandishi machache. Wanafunzi wake walisema alipofungua kinywa kufundisha alijisikia kama bahari imevunja kingo, asijue aanzie wapi. Hata hivyo, ni vigumu kumtaja mtu mwingine wa karne ile aliyeacha alama kubwa kuliko yake katika sala na desturi za Wayahudi. Wenyewe humwita Ari Mtakatifu, yaani Simba.

Nimeanza na pilipili manga kwa makusudi. Kwetu, Kabala, yaani elimu ya batini ya Wayahudi, ikitajwa, fikra za wengi hukimbilia hirizi, nyota, majina ya kuita majini, au minong'ono kuhusu Freemason. Hirizi zilikuwepo, hilo halikanushiki. Lakini vigogo wa Kabala walikuwa wanasheria, wafanyabiashara, wazazi wenye watoto wa kulisha. Walichokuwa wakikitafuta ni jibu la swali moja zito: ikiwa Mungu hana mwisho na amejaa kila mahali, ulimwengu ulipata wapi nafasi ya kuwepo, na kwa nini umejaa maumivu kiasi hiki?

Mlango uliolindwa

Elimu hii haikuanzia Safed. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika takriban mwaka 200, inakataza kufundisha habari za gari la Mungu aliloliona nabii Ezekieli hata mbele ya mtu mmoja, isipokuwa awe mwenye hekima anayeweza kuelewa mwenyewe. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, inasimulia kuhusu wanne walioingia bustanini: Ben Azzai alitazama akafa, Ben Zoma alitazama akaharibikiwa akili, wa tatu akaiacha imani, na Rabi Akiva peke yake ndiye aliyeingia kwa amani na kutoka kwa amani. Akiva huyo baadaye aliuawa na Warumi huku akitamka "Sikia, Ee Israeli".

Kuna kisa kingine cha Talmudi ninachokiona kuwa ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Rabi Shimon bar Yochai, aliyeishi katika karne ya pili, alihukumiwa kifo kwa kuwasema vibaya Warumi. Akajificha pangoni na mwanawe Elazar. Wakaoteshewa mkarubi, wakabubujikiwa na chemchemi, wakavua nguo zisichakae na kujifukia mchangani hadi shingoni, wakisoma Torati mchana kutwa. Miaka kumi na miwili ikapita. Walipotoka, wakaona watu wanalima na kupanda. Wakashangaa: inakuwaje watu wanaacha uzima wa milele na kushughulika na uzima wa kitambo? Kila walipotupia jicho pakaungua. Hapo sauti kutoka mbinguni ikawauliza kama wametoka ili kuuharibu ulimwengu Wake, ikawaamuru warudi pangoni.

Wakakaa mwaka mwingine. Walipotoka mara ya pili, ilikuwa Ijumaa jioni, wakamwona mzee akikimbia na mafungu mawili ya matawi yanayonukia. Ya nini? Kwa heshima ya Sabato, akajibu. Kwa nini mawili? Moja kwa amri ya "kumbuka", jingine kwa amri ya "shika". Nyoyo zao zikatulia. Rabi aliyezama katika mambo ya mbinguni miaka kumi na mitatu alitulizwa na mzee aliyekuwa akiwahi nyumbani na majani mkononi.

Kwa jina la Shimon huyo ndipo kilipotokea Uhispania, mwishoni mwa karne ya 13, kitabu kikuu cha Kabala kiitwacho Zohar. Kimeandikwa kwa Kiaramu, na ndani yake rabi na wanafunzi wake wanazunguka Galilaya wakizifafanua aya za Torati, mara nyingine wakifunzwa na mtoto au na mchunga punda wanayekutana naye njiani. Aliyekisambaza ni Moshe de León, mkazi wa Castile, aliyefariki mwaka 1305. Isaac wa Acre alifunga safari kwenda kuuliza ukweli wake, na habari alizopata ni kwamba mjane wa Moshe alisema hakikuwepo kitabu chochote cha kale, mumewe alikiandika kutoka kichwani mwake. Mwaka 1941 mwanahistoria Gershom Scholem alihitimisha kwamba sehemu kubwa ni kazi ya de León, na watafiti wa baadaye wakaona mkono wa kundi zima la wenzake. Waumini wengi bado wanamtaja Shimon, na kila mwaka umati mkubwa huenda kwenye kaburi lake Meron, jirani na Safed.

Mji wa wafumaji na wanasheria

Mwaka 1492 wafalme wa Uhispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Wengi walikimbilia dola ya Waturuki, na baada ya dola hiyo kuiteka Palestina mwaka 1516, Safed ikavutia wakimbizi. Palikuwa na kazi ya kufuma na kutia rangi nguo za sufu, na palikuwa karibu na Meron. Ndani ya kizazi kimoja mji ule ukakusanya wanazuoni wasio na mfano.

Mkubwa wao kwa cheo alikuwa Yosef Karo, mwandishi wa Shulchan Aruch, muhtasari wa sheria uliochapishwa Venice mwaka 1565, ambao mpaka leo ndio Myahudi wa dini huutazama akitaka kujua afanye nini. Karo huyu mwenye akili kavu ya kisheria alikuwa pia akisema kwa sauti isiyo yake. Rafiki yake Shlomo Alkabetz aliandika jinsi walivyokesha pamoja usiku wa Pentekoste, kabla hawajafika Galilaya, na sauti ikatoka kinywani mwa Karo ikilia juu ya kuanguka kwa Yerusalemu na kuwataka wapande kwenda nchi takatifu. Karo aliweka shajara ya yale aliyoambiwa na sauti hiyo. Humo anakemewa hata kwa kula na kunywa kupita kiasi. Anayedhani sheria na batini ni maadui katika Uyahudi amtazame mtu huyu.

Wa pili ni Moshe Cordovero, aliyezaliwa mwaka 1522, mpangaji mkuu wa mawazo ya Kabala. Ari alipowasili, Cordovero alikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa uhai. Ana kijitabu kidogo cha maadili ambacho ningempa mtu yeyote anayetaka kuanza. Humo anauliza: mtu anaponyoosha mkono kutenda dhambi, nguvu ya mkono ule inatoka kwa nani? Inatoka kwa Mungu. Na Mungu angeweza kuizuia papo hapo, mkono ukanyauka. Haizuii. Anaendelea kumpa uhai mtu yule yule anayemtukana kwa uhai huo. Basi nawe, anasema Cordovero, stahimili kutukanwa kwa namna hiyo, usimnyime wema wako aliyekukosea. Uzito wa fundisho zima la sifa za Mungu unashuka pale, kwenye namna ya kuishi na jirani mkorofi.

Vyombo vilivyopasuka

Sasa tuingie kwenye fundisho lenyewe. Kabla ya Ari, Wakabala walikwisha kusema kwamba Mungu katika asili yake, wanayemwita Ein Sof, yaani Asiye na Mwisho, hafikiwi na jina wala wazo. Anajidhihirisha kupitia sifa kumi, sefiroti: Taji, Hekima, Ufahamu, Rehema, Nguvu, Uzuri, Ushindi, Utukufu, Msingi na Ufalme. Hizi si miungu kumi, na Wakabala walijua hatari ya kueleweka hivyo. Ndiyo maana walisisitiza umoja wao kwa kila mstari. Zinavutana na kusawazishana. Rehema isiyo na mpaka ingemeza kila kitu, Nguvu ya hukumu peke yake ingeunguza kila kitu, na Uzuri husimama katikati. Ya kumi, Ufalme, ndiyo Shekina, uwepo wa Mungu ulio karibu kabisa na wanadamu, nao huenda uhamishoni pamoja na watu wake.

Ari aliongeza kisa cha hatua tatu. Kwanza, Asiye na Mwisho alijivuta nyuma, akajikunja, ili ipatikane nafasi ambamo kitu kingine kinaweza kuwepo. Hatua hii inaitwa tsimtsumu. Uumbaji, kwa maelezo haya, ulianza kwa Mungu kupisha. Ndani ya nafasi ile ikaingia nuru kama uzi mwembamba.

Pili, nuru ikamiminwa katika vyombo vya sefiroti. Vitatu vya juu vikastahimili. Saba vya chini vikazidiwa: sita vikavunjika, cha mwisho kikapasuka. Sehemu kubwa ya nuru ikarudi ilikotoka, lakini cheche 288 zikaanguka na vigae, na vigae hivyo vikawa maganda yanayoficha nuru na kuupa uovu riziki yake. Hakuna kitu duniani, chakula, chombo, mnyama, hata mtu anayekuudhi, kisichoficha cheche ndani yake.

Tatu ni kutengeneza, tikuni. Sehemu kubwa ya kazi hii Mungu aliifanya mwenyewe, iliyobaki akawaachia wanadamu. Kila amri inayotimizwa kwa nia safi, kila baraka inayotamkwa juu ya mkate, inainua cheche na kuirudisha mahali pake. Cheche zote zikiisha kurudi, ukombozi utakuwa umefika.

Scholem aliona humu kilio cha waliofukuzwa Uhispania: hata Mungu yuko uhamishoni, hata ulimwengu wenyewe umefukuzwa kwao. Moshe Idel na wengine walimpinga, wakisema mawazo haya yana mizizi ya zamani zaidi na kwamba Ari mwenyewe hakuihusisha Uhispania na fundisho lake. Nadhani pingamizi hilo ni la haki kuhusu asili ya fundisho. Lakini kwa nini lilienea upesi hivyo kati ya watu waliopoteza makwao, hilo naona Scholem alilielewa vizuri.

Ari akilipa ujira

Mwanafunzi wake mkuu, Chaim Vital, aliandika mwenendo wa mwalimu wake kwa makini. Anasema Ari alikuwa mwangalifu kupita kiasi kumlipa kibarua siku ile ile. Kuna jioni alipokuwa hana fedha mkononi. Basi alichelewesha sala ya alasiri mpaka karibu na machweo, akahangaika kutafuta na kukopa, akalipa, ndipo akasali. Alisema angewezaje kusimama kuomba mbele ya Mungu ilhali amri kubwa namna hii imemjia mkononi na hajaitimiza.

Vital anaandika pia kwamba Ari aliichukulia hasira kwa uzito kuliko makosa mengine yote, kwa sababu humwondolea mtu nafsi yake njema kabisa. Vital alikuwa akimfundisha ndugu yake Torati, na ndugu alipokosea, Vital akakasirika. Ari alimwonya hata kwa hilo. Na kabla ya sala ya asubuhi aliagiza kila mmoja ajitwike kwanza amri ya "mpende jirani yako kama nafsi yako", kwa kuwa sala ya mtu aliyejitenga na wenzake haipandi.

Kuhusu uchawi, Vital ameacha ushuhuda ulio wazi. Ari alikataza matumizi ya majina matakatifu ili kutenda maajabu, akisema hatuna tena majivu ya ng'ombe mwekundu ya kututakasa kama Torati inavyotaka, na ajihusishaye na mambo hayo anajidhuru. Vital mwenyewe, aliyekuwa na tamaa ya maono na alikwisha kupoteza zaidi ya miaka miwili akitafuta jinsi ya kugeuza madini kuwa dhahabu, alikemewa kwa kupoteza wakati huo.

Ijumaa jioni wazee wa Safed walivaa nyeupe wakatoka mashambani kumpokea Sabato kama bibi harusi. Alkabetz ndiye aliyetunga wimbo wa mapokezi hayo, Lekha Dodi, ambao leo huimbwa karibu katika kila sinagogi duniani. Abayudaya wa vilima vya Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao wanauimba kwa lahani yao.

Inasimuliwa kwamba Ijumaa moja, wakiwa shambani hivyo, Ari aliwaambia wanafunzi: twendeni Yerusalemu sasa hivi, Sabato itukute huko. Safari ile ni ya siku kadhaa. Baadhi wakasema wako tayari. Wengine wakasema waende kwanza wakawaage wake zao. Ari akapiga makofi kwa uchungu akalia: lau wote mngekubali kwa furaha, Israeli ingekombolewa saa hii. Ni hekaya, na sijui kama naipenda. Mtu aliyekataa kusali kabla kibarua hajalipwa, angelaumu kweli waliotaka kuaga nyumbani? Lakini inaonyesha jinsi ukombozi ulivyoonekana kuwa karibu pale Safed, umbali wa neno moja.

Moto ulipotoka mekoni

Vital alitaka kuyafungia maandishi. Inasimuliwa kwamba alipougua, ndugu yake alipokea vipande vya dhahabu akayaazima kwa siku tatu, na waandishi wakayanakili haraka haraka. Vital alifariki Damasko mwaka 1620. Kufikia hapo siri za Ari zilikuwa zikienea, na karne haikuisha kabla madhara yake hayajaonekana.

Mwaka 1665 kijana msomi, Nathan wa Gaza, alimtangaza Shabbetai Zvi wa Izmir kuwa Masihi. Wayahudi kutoka Yemen hadi Amsterdam walishikwa na wazimu wa furaha. Watu waliuza mali na kufunga mizigo. Septemba 1666 Sultani alimpa Shabbetai hiari ya kusilimu au kufa, naye akasilimu. Hapo ndipo fundisho la cheche lilipotumiwa kwa namna ya kutisha: Nathan akaeleza kwamba Masihi ameshuka makusudi ndani ya maganda ili kuzinyakua cheche za mwisho. Kama kila anguko ni uokoaji, basi hakuna tena dhambi. Baadhi ya wafuasi walikwenda mpaka huko. Mwaka 1756 marabi waliokutana Brody waliweka kikomo: hakuna kusoma Zohar kabla ya miaka 30, wala maandishi ya Ari kabla ya miaka 40.

Kosa lilikuwa wapi? Naona Nathan aliukata uzi uliomfunga Ari kwa kibarua wake. Alibaki na ramani ya mbinguni, akasahau ujira wa jioni.

Baal Shem Tov na wajukuu wa fikra

Aliyeushika tena uzi huo alikuwa Israel ben Eliezer, Baal Shem Tov, aliyeishi magharibi mwa Ukraine ya leo mpaka mwaka 1760. Hadithi zake zinasema alikuwa yatima, akawa msaidizi wa mwalimu anayewasindikiza watoto shuleni, kisha akachimba udongo milimani huku mkewe akiusafirisha kwenda kuuza mjini. Kumbukumbu za kodi za Medzhybizh zinamtaja, akikaa kwenye nyumba ya jumuiya bila kulipa kodi. Fundisho lake ni kwamba cheche hutafutwa katika kula, kufanya kazi, kusema na mtu sokoni, na kwamba furaha inafaa kuliko kujitesa kwa kufunga.

Katika barua kwa shemeji yake alisimulia kwamba siku ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi mwaka 1746 roho yake ilipanda hadi kwa Masihi, akamuuliza atakuja lini. Jibu: chemchemi zako zitakapoenea nje. Anakiri kwamba alihuzunika, kwa kuwa aliona muda bado ni mrefu.

Wafuasi wake, Mahasidi, walizua upinzani mkali. Mwaka 1772 uongozi wa Vilna uliwatenga, ukiungwa mkono na Gaon wa Vilna, mwanazuoni mkuu wa mji huo, ambaye naye alikuwa Mkabala wa kina. Sehemu ya ugomvi ilirudi kwenye swali la mwanzo: je, kweli Mungu alijivuta nyuma? Shneur Zalman wa Liadi, kiongozi wa Mahasidi aliyefungwa na serikali ya Urusi mwaka 1798 kwa mashtaka ya maadui zake, alishika neno la kale kwamba hakuna mahali patupu pasipo Yeye. Nuru haikuondoka, ilifichwa tu machoni petu. Mahasidi walipenda kulieleza kwa baba mwenye elimu nyingi anayepunguza maneno ili mwanawe mdogo amwelewe; elimu ya baba haijapungua hata chembe.

Nachman wa Breslov, kitukuu wa Baal Shem Tov, hakuridhika na jibu laini namna hiyo. Alisema nafasi ile tupu lazima iwepo, la sivyo ulimwengu usingekuwepo, na lazima Mungu awemo ndani yake, la sivyo isingekuwa na uhai. Yote mawili ni kweli, na akili ya mwanadamu haiwezi kuyapatanisha kabla ya mwisho wa nyakati. Yapo maswali yanayotoka kwenye nafasi hiyo, na anayejaribu kuyajibu kwa hoja atazama. Yanapitwa kwa imani, kwa kunyamaza, na kwa wimbo. Nachman alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1810 mjini Uman, akiwa na miaka 38 kama Ari. Aliwaachia wanafunzi wake zoezi moja ambalo wangali wakilifanya: kila siku mtu atenge saa nzima, ikiwezekana shambani, aseme na Mungu kwa lugha anayoongea nyumbani, na kama hana la kusema, aseme hivyo hivyo kwamba hana.